Si Kila Kahawa Nyeusi Ni Kali

Ras Kamboni ni rasi iliyo kwenye ncha ya kusini kabisa ya pwani ya Somalia, mahali nchi hiyo inapopakana na Kenya. Kusini yake, si mbali, ziko Ishakani na Kiunga. Kaskazini yake vimepangana visiwa vya Wabajuni kuelekea Kismayo. Ni nchi ya mchanga, miamba na bahari. Pamepita majeshi mengi hapo, na mwaka 1991, serikali ya Mogadishu ilipoanguka, Wabajuni wengi wa pwani hiyo walikimbilia Lamu na Mombasa. Baadhi yao wamerudi, na wengine hawakurudi. Lakini penye watu wa pwani, iwe ni nyumbani au ugenini, hapakosi jiko la makaa, mdila na vikombe vidogo visivyo na mkono.

Na upigwe mfano wa mjane mmoja wa rasi hiyo ambaye riziki yake ni mdila. Kila alfajiri hutandika jamvi lake kando ya njia iendayo pwani, na wateja wake ni wavuvi wanaotoka baharini pamoja na askari wanaotoka zamu. Kwa kahawa hiyo huwalisha wajukuu watatu na kuwalipia shule. Buni huikaanga mwenyewe, kama alivyofundishwa na mama yake, hata ipate rangi ya gome la mdalasini, kisha huitwanga kwenye kinu na kuichemsha kwa maji ya mvua yaliyokingwa katika jabia. Kahawa yake ilisifiwa kwa harufu nzuri na kwa ukali fulani wa kupendeza, mfano wa ukali wa ndimu changa, unaoamsha ulimi.

Ilipofika mwezi wa pili, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa mbali, jabia likakauka. Mama akawa hana budi kuteka maji ya kisima, ambayo yana chumvichumvi kama yalivyo maji ya visima vingi vya pwani. Buni ilikuwa ile ile, moto ule ule na kinu kile kile, walakini kahawa ikapooza. Wateja wakanywa na kutazamana. Mama akadhani ameuziwa buni mbovu, na ili kuitia nguvu akaikaanga zaidi, siku ya pili zaidi tena, mpaka punje zikawa nyeusi na kung'aa kwa mafuta. Hapo ndipo askari mmoja kijana alipotema funda la kwanza na kusema mbele ya watu:

"Mama, hii si kahawa. Hii ni mahindi ya kuunguzwa."

Neno hilo lilikwenda kasi kuliko jahazi. Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Na kwa mtu auzaye cha kutiwa kinywani, jina ndilo duka lenyewe. Siku zilizofuata jamvi lilibaki wazi na mdila ukapoa ukiwa umejaa.

Je, mama huyo alidanganya? La, hakudanganya. Je, buni ilikuwa mbovu? La, haikuwa mbovu. Kosa lilikuwa katika mambo mawili ambayo yanafaa kujulikana katika kila nyumba inayokaanga kahawa: moto na maji.

BUNI INAPOKUTANA NA MOTO

Buni mbichi ni punje ngumu, ya rangi ya kijani au kijivu, isiyo na harufu ya kahawa hata kidogo. Harufu yote inayopendwa huzaliwa ndani ya kikaango. Kwa hiyo anayekaanga asidhani kwamba anakausha tu kitu kilichokwisha kuwa kahawa; yeye ndiye anayeifanya iwe kahawa, na dakika moja ya kuzidisha au kupunguza hubadili matokeo.

Buni ikitiwa katika kikaango chenye moto, kwanza hutoa mvuke, kwa kuwa punje mbichi iliyohifadhiwa vyema huwa na maji kiasi cha asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Rangi hugeuka manjano, na harufu huwa ya nyasi kavu. Baadaye hufuata harufu ya mkate unaookwa, na rangi huanza kuwa ya hudhurungi. Mvuke na hewa vilivyobanwa ndani ya punje vinapozidi nguvu, punje hupasuka kwa mlio, mfano wa bisi. Huo ndio mlio wa kwanza, na husikika joto la punje likifikia kiasi cha nyuzi 196 za sentigredi au zaidi kidogo. Punje hufutuka, huwa nyepesi, na ngozi yake nyembamba huambuka.

Moto ukiendelea, milio hunyamaza kwa muda. Kisha huanza mlio wa pili, mwembamba na wa haraka zaidi, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa, joto likiwa karibu nyuzi 224. Hapo moshi huwa mwingi, mafuta hujitokeza juu ya punje, na rangi huelekea kuwa nyeusi. Anayezidisha kutoka hapo anaunguza tu. Hapati ladha mpya ila ya makaa.

Kati ya milio hiyo miwili ndimo zinamokaa daraja nyingi za kahawa. Buni iliyoondolewa motoni mara baada ya mlio wa kwanza huwa na rangi ya mdalasini. Iliyoachwa mpaka katikati ya kimya huwa na rangi ya tende. Iliyofikishwa mwanzo wa mlio wa pili huwa na rangi ya kahawia iliyokoza, na iliyopita hapo huwa nyeusi.

Ladha nazo hufuata mpango huo. Kahawa ya rangi ya mdalasini huhifadhi asidi nyingi za asili, na kwa sababu hiyo huwa na ukali wa matunda na harufu ya maua; humwonyesha mnywaji ardhi ilikotoka. Kahawa ya rangi ya tende hupungukiwa na ukali huo, na badala yake hupata utamu wa sukari iliyoungua kidogo na uzito mdomoni. Kahawa nyeusi hupoteza karibu ukali wote. Hubaki na uchungu, moshi na ladha ya mkaango wenyewe, hata iwe vigumu kutambua kama ilitoka Nyeri, Moshi au Harar.

Mizani pia husema. Kilo moja ya buni mbichi ikikaangwa kidogo hutoa kama gramu 870. Ikikaangwa wastani hutoa kama gramu 850. Ikikaangwa sana hutoa gramu 800 au pungufu. Yaani mama wa nyumbani anayeunguza buni yake huwa ametupa hewani sehemu moja ya tano ya uzito wa buni hiyo.

JE, KAHAWA NYEUSI NDIYO INAYOZUIA USINGIZI?

Hili ni swali linalowahusu hasa wanaokesha kazini. Askari wengi huamini kwamba kahawa ikiwa nyeusi na chungu kama shubiri ndiyo yenye nguvu ya kumweka mtu macho, na kwamba ile ya rangi ya mdalasini ni ya watoto. Imani hiyo haina msingi.

Kinachozuia usingizi ni kafeini, na kafeini haiharibiwi sana na moto wa kikaango. Punje iliyokaangwa kidogo na punje iliyokaangwa sana zina kafeini karibu sawa. Uchungu mkubwa wa kahawa nyeusi hutokana na vitu vingine vinavyozaliwa kwa moto. Kafeini yenyewe huchangia sehemu ndogo tu ya uchungu huo. Tena, anayepima kwa kijiko hupata kafeini kidogo zaidi katika kahawa nyeusi, kwa sababu punje zake zimefutuka na kuwa nyepesi, na kijiko kimoja hubeba uzito mdogo.

Tofauti kubwa ya nguvu haimo katika rangi, imo katika aina ya mbuni. Arabika, ambayo hulimwa katika nyanda za juu za Kenya, Uhabeshi na Kilimanjaro, ina kafeini kiasi cha asilimia 1.2 hadi 1.5. Robusta, ambayo hulimwa kwa wingi Uganda na katika mkoa wa Kagera huko Tanzania, ina karibu maradufu ya hiyo. Basi askari aliyezoea kahawa ya Nyeri akibadilishiwa kwa ile ya Bukoba, bila kubadili idadi ya vikombe, asishangae moyo ukimwenda mbio na mikono ikimtetemeka.

Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya kahawa iliyopikwa kwa gramu 60 za arabika hutoa kiasi cha miligramu 600 hadi 700 za kafeini. Kikombe kidogo cha pwani, chenye mililita kama 60, huwa na miligramu kama 40. Wataalamu wa usalama wa vyakula wa Ulaya walieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha asipite 200. Kwa vikombe hivyo vidogo, ni kama kumi kwa mtu mzima na visivyozidi vitano kwa mama mjamzito, ikiwa ni arabika. Kwa robusta idadi hiyo ikatwe nusu.

Aidha, askari wa zamu ajue kwamba kahawa hufikia nguvu yake kamili damuni baada ya nusu saa hadi saa moja, na kwamba saa tano baadaye nusu ya kafeini bado imo mwilini. Anayetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi akitaka kulala saa mbili, kikombe chake cha mwisho kiwe kabla ya usiku wa manane. Anayejaza kikombe saa kumi alfajiri hufika nyumbani macho makavu, akawafokea watoto kwa kosa lisilo lao, na usiku wa pili hurudi lindoni akiwa mchovu kuliko jana. Kahawa huahirisha usingizi. Haiwezi kulipa deni lake.

Yafaa ikumbukwe kwamba desturi hii ya kukesha kwa kahawa ni ya kale. Masufi wa Yemeni katika karne ya 15 walikunywa kahawa ili wadumu katika ibada ya usiku. Mwaka 1511 wakuu wa Makka waliipiga marufuku kwa muda, wakihofia mikutano ya wanywaji, lakini marufuku hayo hayakudumu. Kwa njia ya majahazi kahawa ilizoeleka pwani ya Waswahili kabla nyanda za juu za Kenya hazijapandwa mbuni hata mmoja. Miche ya kwanza inayojulikana huko ilipandwa na wamisionari wa Kifaransa huko Bura, Taita, mwaka 1893.

KILA NCHI NA MOTO WAKE

Watu wa mataifa mbalimbali wamechagua daraja zao za moto kufuatana na namna wanavyopika. Katika Uarabuni, kahawa hukaangwa kidogo, pengine hata isipite rangi ya manjano iliyoiva, ikatiwa iliki, ikanywewa pamoja na tende. Desturi hiyo ya kukaribisha wageni kwa kahawa iliandikwa na UNESCO mwaka 2015 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa maombi ya Omani, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Katari. Uhabeshi, mwenyeji hukaanga buni mbele ya mgeni, na moshi wake hupitishwa ili kila mtu aunuse kabla ya kunywa.

Kusini mwa Somalia kuna desturi nyingine tena, ya kuikaanga buni kwa samli au mafuta ya ufuta na kuitafuna. Huko huitwa bun. Moto wake ni wa pole, kwa kuwa punje iliyoungua haitafuniki kwa raha. Waitaliano, ambao mwaka 1925 walikabidhiwa na Uingereza nchi ya ng'ambo ya Juba, Kismayo na Ras Kamboni zikiwemo, wao hupenda buni iliyokaangwa sana, kwa sababu mashine zao hupenyeza maji kwa nguvu na kwa muda mfupi, na buni iliyokaangwa sana hutoa ladha yake upesi.

Na pwani ya Waswahili, kutoka Lamu hadi Unguja, kahawa hukaangwa kwa kukoza, husagwa laini, huchemshwa kwa muda mrefu mdilani, mara nyingi kwa tangawizi, na hunywewa chungu pamoja na kashata, halua au tende. Wazee hawakuchagua hivyo kwa kubahatisha. Kuchemsha kwa muda mrefu hufukuza harufu laini za kahawa ya rangi ya mdalasini na kuacha ukali mtupu, ilhali ile iliyokoza huvumilia jiko. Moto wa kikaango na namna ya kupika vinapaswa kupatana.

Kwa ufupi, mpishi ashike kanuni hii. Buni iliyokaangwa kidogo ni ngumu na haitoi ladha yake kwa urahisi. Isagwe laini zaidi, maji yawe yametoka kuchemka wakati huo huo, na ikae ndani ya maji muda mrefu kidogo, kisha ichujwe. Iliki huifaa. Buni iliyokaangwa wastani hukubali karibu kila njia: chujio la kitambaa, la karatasi au mdila. Buni iliyokaangwa sana ni mvunjiko na hutoa vyote upesi, vizuri na vibaya. Isagwe kwa chenga kubwa, maji yaachwe yapoe dakika mbili au tatu baada ya kuchemka, na isikae ndani ya maji muda mrefu. Tangawizi na mdalasini huifaa. Kwa vyovyote, gramu 60 kwa lita moja, yaani kama vijiko 12 vya mezani vilivyosawazishwa, ni kipimo cha kuanzia. Baadaye kila nyumba iongeze au ipunguze.

MAJI NAYO HUCHAGUA

Sasa turudi kwa mama wa Ras Kamboni. Maji ya mvua ni maji matupu, hayana chokaa wala chumvi. Yanapokutana na kahawa iliyokaangwa kidogo, ukali wake wa matunda huonekana wote. Maji ya kisima kilichochimbwa katika miamba ya matumbawe yamebeba chokaa, na chokaa hiyo huua asidi, kama vile magadi yanavyoua ukali wa ndimu. Ndiyo sababu kahawa ya mama ilipooza ghafula. Sifa yake yote ilikuwa ule ukali wa ndimu changa, na maji ya kisima yaliunyonya.

Mama alihisi kweli kwamba kahawa imepungukiwa; alikosea dawa tu. Kukaanga zaidi kulikuwa na maana, kwa kuwa kahawa iliyokoza haitegemei asidi kwa ladha yake, na chumvi kidogo iliyomo katika maji ya kisima husaidia kupunguza uchungu ulimini. Lakini yeye alipita mpaka. Aliikaanga hata baada ya mlio wa pili kwisha, akaitwanga laini kama unga, akaichemsha muda ule ule aliouzoea kwa buni ya rangi ya mdalasini. Kila kimojawapo cha hivyo huongeza uchungu, na vyote vitatu pamoja vilitoa makaa.

Katika mfano huu, aliyemfumbua macho ni mzee mmoja nahodha, mteja wake wa siku nyingi, aliyekaa kimya jamvini wakati wengine wamekwisha kuhama. Mzee alimwambia, "Binti yangu, baharini tukipotea hatuongezi tanga. Tunatazama kwanza upepo ulikogeukia." Akamshauri ajaribu.

Basi mama akagawa buni yake mafungu matatu. La kwanza akaliondoa baada ya mlio wa kwanza, la pili akalifikisha kwenye ule ukimya wa katikati, la tatu akaliondoa mara tu aliposikia mlio wa pili ukianza, bila kungoja. Akapika kila fungu mara mbili: kwa maji ya kisima, na kwa kibuyu kimoja cha maji ya mvua alichokuwa amekiweka kwa ajili ya mgonjwa. Vikombe sita vikapangwa kwenye sinia. Mzee akatuma mtoto amwite yule askari kijana.

Askari alikuja kwa shingo upande. Akaonja cha kwanza cha maji ya mvua, akatabasamu, kwa kuwa ndiyo kahawa aliyoijua. Akaonja mwenzake wa kisima, akakunja uso. Ilikuwa kama chai iliyolala. Alipofika fungu la tatu, mambo yakageuka. La maji ya mvua lilikuwa chungu kwake. Lile la kisima, lililotwangwa kwa chenga kubwa na kuchemshwa kidogo na tangawizi, lilikuwa zito, tulivu, na lenye utamu nyuma ya uchungu. Akamaliza kikombe, akaomba cha pili.

"Na hizi zote ni buni moja?" akauliza.

"Gunia moja, mwanangu," mama akajibu. "Nilichokosa mimi ni kutazama maji. Ulichokosa wewe ni kuniuliza."

Kijana akainamisha kichwa. "Niwie radhi, mama. Nilisema mbele ya watu, na mbele ya watu nitarudisha neno langu."

"Ulimi hauna mfupa," mama akasema, akamjazia kikombe.

Tangu hapo mama hukaanga kwa namna mbili. Masika na vuli, jabia likiwa na maji, huikaanga ya rangi ya mdalasini. Kaskazi ikikausha jabia, huikoza, akaacha pale mlio wa pili unapoanza. Wateja wakiuliza mbona rangi imebadilika, huwaambia ukweli: maji yamebadilika.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Buni ichaguliwe kabla ya kukaangwa. Punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu zitolewe. Moja mbovu huharibu mdila mzima. Buni mbichi isiwekwe wazi katika hewa ya bahari, kwa kuwa hunyonya unyevu na kushika ukungu. Iwekwe ndani ya chombo chenye kifuniko, mahali pakavu.

Kikaango kiwe kizito, cha chuma au cha udongo, na buni isizidi tabaka mbili, ili mwiko uweze kuigeuza pasipo kusimama. Kazi nzima huchukua kama dakika 10 hadi 15. Moto mkali mno huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Moto hafifu mno huikausha tu na kuiacha bila harufu. Haraka haraka haina baraka, lakini na uvivu jikoni hauna harufu. Ikaangwe nje au penye hewa, mbali na makuti, kwa sababu makapi yake hushika moto upesi, na watoto wasikae karibu.

Punje huendelea kuiva kwa joto lake hata baada ya kuondolewa motoni. Kwa hiyo aondoe kidogo kabla ya rangi anayoitaka, aimwage mara moja kwenye ungo, ambao watu wa pwani ya kaskazini huuita uteo, aipepete mpaka ipoe na makapi yaruke.

Kahawa iliyotoka motoni hutoa hewa ya ukaa kwa siku kadhaa, na ladha yake hutulia zaidi ikipumzika siku moja au mbili. Baada ya hapo iwekwe katika chupa au kopo lililofungwa vyema. Iliyokaangwa sana huchacha mapema, maana mafuta yake yako juu na hewa huyafikia. Yafaa kukaanga kidogo kidogo, kiasi cha kutumika juma moja au mawili, na kutwanga kile tu kinachopikwa siku hiyo.

Kuhusu afya, kahawa inayochemshwa bila kuchujwa hubaki na mafuta fulani yanayoweza kupandisha kolesteroli katika damu. Anayenywa nyingi kila siku, hasa aliyeonywa na daktari, aichuje kwa karatasi. Tena kahawa huzuia mwili usipate madini yote ya chuma yaliyomo katika chakula. Akina mama, na wasichana waliovunja ungo, hawapati faida yote ya mchicha na maharage ikiwa wanateremshia chakula kwa kahawa. Wangoje saa moja. Watoto wadogo wasipewe kahawa.

Mwisho, aliye na mke au mume wa zamu za usiku na aanze jambo hili jepesi juma hili: achukue buni kidogo, aigawe mafungu mawili, moja alikaange hadi rangi ya tende, jingine hadi mwanzo wa mlio wa pili, na apike yote mawili kwa maji yale yale ya nyumbani kwake. Waonje pamoja kabla ya mmoja wao kwenda lindoni. Watakalolichagua ndilo litakalopatana na maji yao, na buni yao haitapotea kwa moshi.